Huyu hakimu, ni nani alimchagua?

Swali lilitoka kwa mama mmoja mkimbizi wa ndani, mzaliwa wa upande wa mashariki ya Eringeti, anayeishi sasa Oicha katika chumba cha kupanga pamoja na wajukuu wake watano. Kila Jumamosi tunakaa na wasikilizaji, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vidumu vya njano, tunawasomea tena habari za juma na wao wanatuambia tuliyoyasahau. Siku ile nilikuwa nimemaliza kusoma orodha ya majistra waliotajwa na waliohamishwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Majina na vyeo, basi. Nilipofunga daftari, mama akainua mkono.

"Papa wa redio, ule hakimu mupya wa kesi yangu, ni nani alimuchagua?"

Nikajibu haraka, kama mtu aliyezoea kujibu: "Ni Rais, mama."

"Rais anamujua?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini njiani, nikiwa juu ya pikipiki kurudi Eringeti, swali lile lilinikaa kooni. Nimekuwa nikisoma orodha hizo kwa miaka mingi. Nilijua kutamka majina ya watu wa Kasai, wa Bandundu na wa Katanga bila kukwama. Sikuwahi kumwelezea msikilizaji hata mmoja jina lile limepita njia gani mpaka likafika kwenye karatasi yangu.

Kesi ya mama mnaifahamu, kwa sababu wengi wenu mna ya kwenu inayofanana nayo. Alikuwa na shamba la kakao aliloachiwa na mumewe. Wauaji walipoingia upande ule, aliokota watoto na sufuria moja, akakimbia. Aliporudi kuchungulia, miezi mingi baadaye, alikuta mtu mwingine anavuna, na mtu huyo ana karatasi yenye sahihi ya mumewe ya kuuza shamba. Tarehe iliyo kwenye karatasi ni ya baada ya maziko ya mume. Mama hakuenda kwa wenye silaha, wala hakutafuta vijana wa kumlipizia. Alikwenda tribinali. Hilo peke yake, kwa namna tulivyoishi hapa tangu Oktoba 2014, ni jambo la kumvulia mtu kofia.

Hakimu wa kwanza alimsikiliza mara mbili. Mara ya tatu kulikuwa na mwingine kwenye kiti. Wa kwanza amehamishwa, wakamwambia. Na kiti kikibadilika mtu, mjadala unafunguliwa upya, kwa sababu hakimu hawezi kukata neno ambalo hakulisikia mwenyewe. Kanuni hiyo ni nzuri. Ila kwa mama maana yake ni kupanda tena pikipiki, kuwaita tena mashahidi, mmoja akiwa Komanda, mwingine akiwa amekwisha kufa. Ndiyo sababu aliuliza. Hakuuliza siasa.

Basi nilitafuta kijitabu cha Katiba ya 18 Februari 2006, nikakaa nacho kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye alisoma sheria kidogo kabla ya kushika chaki. Nitawaeleza kama alivyonieleza.

Kifungu cha 82 kinasema Rais ndiye anayewataja majistra na anayewaondoa. Hapo nilikuwa nimejibu sawa. Lakini kifungu hakiishii hapo: Rais anafanya hivyo kwa pendekezo la Baraza Kuu la Majistra. Kwa hiyo sahihi ni ya Rais, na jina linatoka kwa Baraza. (Neno majistra linabeba watu wa aina mbili: mahakimu wanaokaa kwenye kiti na kukata kesi, na wale wa parke wanaoshtaki.)

Na Baraza hilo ni nani? Kifungu cha 152 kinawataja. Rais wa Korti ya Katiba, wakubwa wa Korti ya Kasasyo, wakubwa wa Baraza la Serikali, wakubwa wa Korti Kuu ya Kijeshi, wakubwa wa korti za rufani na wa korti za kijeshi, pamoja na majistra waliochaguliwa na wenzao kwa muda wa miaka mitatu. Nilihesabu mara mbili nikitafuta kama kuna mtu mwingine. Hakuna. Hakuna avoka, hakuna profesa, hakuna mtu wa mashirika ya kiraia. Ni majistra watupu, kuanzia juu mpaka chini.

Mwalimu aliniona nimekunja uso, akaniambia: "Usikimbilie kulaumu. Waliandika hivyo kwa makusudi." Na ana haki. Walioandika Katiba walitoka katika miaka ambayo mtu wa siasa alikuwa akimwondoa hakimu kwa karatasi moja. Mwaka 1998 majistra 315 waliondolewa kwa pigo moja. Kwa hiyo walijenga ukuta: majistra wajisimamie wenyewe, na hakimu asihamishwe ovyo. Kifungu cha 150 kinasema hakimu hahamishwi ila kwa kutajwa upya, au kwa kuomba mwenyewe, au kwa zamu yenye sababu iliyokatwa na Baraza. Shida ya ukuta ni kwamba unamzuia mwizi kuingia, na pia unamzuia jirani kuona kinachofanyika uani.

Jinsi mtu anavyoingia katika kazi hiyo, sheria ya 10 Oktoba 2006 juu ya majistra inaeleza wazi. Awe Mkongomani, awe na umri usiopungua miaka 21 wala kupita 40, awe na diploma ya sheria ya chuo kikuu, asiwe na doa la hukumu, awe na cheti cha mwenendo mwema. Kisha kuna shindano, yaani mtihani. Wengi wenu mnakumbuka shindano la 2022. Baraza lilitaka kuwachukua majistra 5000, kwa makundi mawili ya 2500. Kwa nchi hii kubwa yenye maeneo ambayo hakimu hajawahi kufika, hiyo ni habari njema na sitaki kuifanya mbaya. Vijana wetu wenye diploma kutoka Beni na Butembo walinoa kalamu. Lakini kila orodha ya namna hii inapotoka, swali ni lile lile kwenye vijiwe: alama ziko wapi? Orodha ya majina inamwambia kijana kwamba ameanguka. Haimwambii ameanguka kwa kiasi gani, wala aliyepita amempita kwa nini. Mahali pasipo na alama, watu wanaweka kabila, wanaweka mjomba wa Kinshasa, wanaweka bahasha. Huenda wanakosea. Huenda aliyepita alistahili kabisa. Naye pia anaumizwa, kwa sababu anafika kazini kwake huku watu wakinong'ona.

Sasa niwapandishe kidogo mpaka Kinshasa, kwa sababu kule juu ndiko mambo yalionekana wazi zaidi. Korti ya Katiba ina mahakimu tisa: watatu wanatoka kwa Rais mwenyewe, watatu kwa Bunge lote likikaa pamoja, watatu kwa Baraza Kuu la Majistra. Wanakaa miaka tisa, hawarudii. Ndio wanaokata neno la mwisho juu ya uchaguzi wa Rais, kwa hiyo kila mwanasiasa anataka kujua ni nani anakaa pale. Julai 2020, usiku, kwenye RTNC, ordonansi zilisomwa. Mahakimu wawili wa Korti hiyo, Noël Kilomba na Jean Ubulu, walisikia kwamba wametajwa katika Korti ya Kasasyo, wakati miaka yao tisa ilikuwa haijaisha. Wote wawili walikataa na kusema hawakuulizwa. Nafasi zao, pamoja na ile ya Benoît Lwamba aliyekuwa rais wa Korti na aliyejiuzulu mwezi ule ule, zilipewa wengine. Tarehe 21 Oktoba 2020 mahakimu watatu wapya waliapa mbele ya Rais Tshisekedi, na maspika wa mabaraza yote mawili ya Bunge hawakufika. Upande mmoja ulisema sheria imefuatwa, upande mwingine ukasema imekanyagwa. Muungano wa Tshisekedi na Kabila ulivunjika muda mfupi baadaye.

Nilisoma habari ile wakati wake, nikaiona kama ugomvi wa wakubwa. Leo naona kwamba hakimu wa Korti ya juu kabisa nchini na hakimu wa mama yetu wa kakao walipatwa na jambo la aina moja: watu walisikia kwamba kiti kimebadilika, na hawakuambiwa sababu. Tofauti ni kwamba Kilomba na Ubulu waliweza kuandika barua na nchi nzima ikaisoma.

Kuna jambo jingine la mwaka 2021 ambalo sijalisahau. Mwezi wa nne, mfanyabiashara mmoja wa Butembo anayeleta bidhaa kutoka Nairobi alinionyesha simu yake. Kenya walikuwa wanatafuta Jaji Mkuu. Watu kumi walioomba kazi walikuwa wanaitwa mmoja mmoja mbele ya tume, wanaulizwa maswali kwa saa nyingi, na televisheni inaonyesha moja kwa moja. Mtu anaulizwa juu ya mali yake, juu ya hukumu alizozitoa, juu ya malalamiko ambayo raia wamemwandikia. Mmoja alikuwa anatoa jasho mpaka mimi nilimhurumia. Martha Koome alipita, akaapa tarehe 21 Mei.

Nisiwadanganye kwamba kule ni paradiso. Tume hiyo hiyo ilikuwa imependekeza majina mengine ya majaji tangu 2019, na Rais Uhuru Kenyatta alikaa nayo karibu miaka miwili. Juni 2021 alitia sahihi kwa majaji 34, akawaacha sita. Kwa hiyo hata mahali penye mlango wazi, mkono unaoshika kalamu unaweza kukataa. Lakini mtazame hivi: kila mtu Kenya alijua majina ya wale sita. George Odunga, Joel Ngugi na wenzao. Walijua kazi zao na walijua ni nani aliyewakataa, wakapiga kelele mchana, na Septemba 2022 Rais mpya, William Ruto, akawataja. Kwetu hapa, ni nani ajuaye majina ya watu waliopendekezwa kisha wakaachwa?

Wakati simu ile ya Butembo ilikuwa bado inaonyesha mambo ya Nairobi, kwetu tuliingia katika utawala wa kijeshi. Tarehe 6 Mei 2021 ndipo ulipoanza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tangu hapo umekuwa ukiongezwa siku 15 kwa siku 15, ingawa Oktoba 2023 Rais alitangaza kuulegeza hatua kwa hatua. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa mwanzoni: wakati wa vita au wa hali kama hiyo, kesi za makosa ya jinai zinaweza kuondolewa katika tribinali za kiraia na kupelekwa kwa mahakimu wa kijeshi. Siku chache tu, na raia wa Eringeti aliyeshtakiwa kwa wizi wa kuku alijikuta anaweza kusimama mbele ya mtu mwenye nyota mabegani.

Kesi ya mama ikapasuka vipande viwili. Swali la shamba ni la nani lilibaki kwa raia, kwa sababu si la jinai. Swali la karatasi ya uongo, na la vitisho alivyopewa, likaenda kwa askari. Hakimu mmoja wa kiraia hamjui, na wa pili wa kijeshi hamjui zaidi. Katika tribinali ya kijeshi ya garnizoni wanakaa watu watano. Sheria inadai kwamba angalau mmoja awe hakimu wa kazi. Wengine wanaweza kuwa maofisa wa jeshi wanaokaa pamoja naye, kisha wanarudi kwenye vikosi vyao. Mwanajeshi anaweza kuona hilo ni la kawaida, kwa kuwa anahukumiwa na wakubwa wake. Raia analitazama na kujiuliza: hawa wamesomea wapi kunihukumu mimi?

Sisemi hivyo kwa dharau ya mahakimu wa kijeshi. Tuliwahi kuona kesi zao zikitusaidia. Kanali Mamadou Ndala aliuawa tarehe 2 Januari 2014 akiwa safarini kuja upande wetu wa Eringeti. Kesi yake ilikatwa Beni na Korti ya Kijeshi ya Operesheni, wazi, watu wakisikiliza, na hukumu ikatoka Novemba ya mwaka ule ule. Wengi wetu tulishika redio sikioni kama wakati wa mpira. Lakini korti ile ya operesheni haina rufani. Ikisema, imesema. Mahali ambapo hakuna mlango wa pili, ungetaka kumjua vizuri sana yule aliyeshika ufunguo wa mlango wa kwanza.

Mtu mmoja wa mashirika ya kiraia aliniambia nisiandike mambo haya. Alisema watu wa Eringeti wana njaa, wana hofu ya usiku, hospitali yao ilishambuliwa tarehe 29 Novemba 2015 na wagonjwa wakauawa vitandani, nawe unawaletea vifungu vya Katiba? Nilimjibu kwamba si mimi niliyevileta, ni mama wa kakao. Na tena, kwa nini watu wetu wengine wanaenda kwa vijana wenye bunduki ili wawakatie kesi za mashamba? Yule wa bunduki wanajua ametoka kijiji gani, wanamjua baba yake. Hakimu hawajui ametoka wapi wala anaondoka lini. Nimewasikia watu wazima wakisema hivyo bila aibu, na sikuwa na jibu la kuwarudisha tribinali ila kuwaambia wavumilie.

Novemba 2024 Kinshasa waliita mkutano mkubwa juu ya haki, na swali lililoandikwa juu ya mlango lilikuwa kwa nini haki ya Kongo inaitwa mgonjwa. Walizungumza pia juu ya Baraza Kuu la Majistra na namna ya kulibadilisha. Mimi nina hofu moja. Wako wanaotaka Baraza lifunguliwe ili wanasiasa warudi kukaa ndani yake, na wanaita hivyo mageuzi. Kama ndivyo, afadhali ukuta wa zamani. Kufungua ninakotaka mimi ni kwa aina nyingine, na hakuhitaji hata kugusa Katiba. Majina ya wanaofikiriwa yatangazwe kabla ya kutajwa, ili raia mwenye neno aliseme. Alama za shindano zibandikwe. Hakimu akihamishwa, ile sababu ambayo Katiba yenyewe inaidai iandikwe kwenye mlango wa tribinali aliyoiacha, kwa Kiswahili, na mtu aisome kwenye redio kwa Kinande pia. Karatasi moja na gundi. Sisi wa Eringeti hatuombi kumchagua hakimu kwa kura, Mungu apishe mbali, tumekwisha kuona kura zetu zinavyokwenda. Tunaomba kuona njia aliyoipita.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Oicha na kijitabu changu. Nilisoma kifungu cha 82 polepole, kisha cha 152. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Kwa hiyo ni mahakimu wanachagua mahakimu, Rais anaweka sahihi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ninaambiwa wakati gani?"

"Wakati nasoma orodha kwenye redio."

Hakucheka safari hii, wala wengine hawakucheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema kwamba zamani, shefu alipokata neno la shamba, kila mtu alijua kwa nini yeye ni shefu, hata kama alikuwa shefu mbaya. Wengine wakaanza kubishana naye juu ya shefu fulani aliyeuza kilima kizima, na mazungumzo yakapotelea huko kwa muda.

Tulipokuwa tunaondoka mama aliniita pembeni. Audiensi yake inayofuata iko mwezi ujao, na akishindwa hajui atakata rufani wapi, kwani korti ya rufani ya jimbo ilikuwa Goma, na Goma iko mikononi mwa M23 tangu mwishoni mwa Januari 2025. Alifungua mfuko wa plastiki anaowekea karatasi zake ili mvua isizilowanishe. Ndani, pamoja na kadi ya mpiga kura ya marehemu na kipande cha cheti cha shamba, kulikuwa na karatasi ya daftari ambayo mjukuu wake aliandika majina ya mahakimu wote waliokwisha kukaa kwenye kesi yake, wa kiraia na wa kijeshi, kila jina na tarehe ya siku aliyomwona. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Aliniomba nimtafutie kwenye ordonansi jina la hakimu mpya, niliandike hapo chini kwa herufi zinazosomeka, na pembeni niandike ametoka tribinali gani kabla ya kuja kwetu. Jina nililiandika. Ile nafasi ya pembeni bado iko tupu.